Nani Anaandika Swali? Utafiti wa Likizo na Teknolojia ya Serikali katika West Nile

Mwaka 2008 kampuni ya Google ilianza kuwafadhili wanafunzi wa vyuo vikuu nchini Marekani ili watumie likizo yao ya majira ya joto kutafiti sera za teknolojia. Kila mwanafunzi alikaa wiki 10 katika shirika linaloshughulika na mambo hayo, mengi ya mashirika yakiwa Washington, akapewa dola 7,000 za kujikimu. Mambo ya kutafiti yalikuwa kama faragha, hakimiliki na upatikanaji wa intaneti. Mpango huo haukuwa wa kwanza wa aina yake. Tangu 1973, wanasayansi wa Marekani walikuwa wakipelekwa kufanya kazi mwaka mzima katika ofisi za wabunge wao. Wazo lilikuwa moja: sheria zinazohusu mashine zisiandikwe na watu wasiozijua mashine, na vijana wapewe muda na fedha za kuuliza maswali.

Mimi ni mwanafunzi wa historia, na kwetu ni Awindiri, mjini Arua. Niliposoma juu ya ufadhili wa namna hii, jambo la kwanza lililonisimamisha ni neno lenyewe. Kwa Kiswahili tukisema kiangazi tunamaanisha miezi ya jua kali na vumbi. Huku kwetu kiangazi ni Desemba hadi Februari. Juni hadi Agosti, ambayo ndiyo likizo ndefu ya vyuo vyetu, ni miezi ya mvua na jembe: karanga zinavunwa na ufuta unapandwa. Mwanafunzi anayeondoka nyumbani kwa wiki 10 katika miezi hiyo anaacha kazi ambayo mtu mwingine lazima aifanye. Kwa hiyo fedha za kujikimu si zawadi. Ni fidia ya jembe lililolala.

Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba utafiti wa msimu juu ya teknolojia ya serikali si jambo geni West Nile. Kwa zaidi ya miaka 100 serikali imekuja kwetu na vyombo vyake vya kuwajua na kuwahesabu watu, na nyuma ya vyombo hivyo wamekuja wasomi wenye ufadhili. Kilichokosekana ni kitu kidogo lakini kizito: mtu wa hapa kuwa ndiye anayeandika swali.

Tuanze na neno teknolojia. Wengi tunadhani lina maana ya kompyuta na simu. Lakini karatasi yenye namba na muhuri, inayomwezesha askari barabarani kukujua wewe ni nani na umelipa nini, nayo ni teknolojia ya serikali. Ardhi yetu ilikuwa sehemu ya eneo la Lado, alilopewa Mfalme Leopold wa Ubelgiji alishike kwa maisha yake. Alipofariki Desemba 1909, eneo lilirudi Sudan mwaka 1910, na sehemu ya kusini ikaingizwa Uganda mwaka 1914. Mwaka huo ndipo Arua ilipofanywa makao ya wilaya. Katika miaka isiyofika mitano babu zetu walikuwa chini ya serikali tatu bila kuhama nyumba zao. Kila serikali ilihitaji kujua jambo lile lile: wako wangapi, na wanaweza kulipa nini.

Jibu lilikuwa kodi, na ushahidi wa kodi ulikuwa tiketi. Kwa kuwa wilaya haikuwa na njia nyingi za kupata fedha taslimu, wanaume wengi walikwenda kusini kutafuta kazi, wakiwemo waliofika kwenye mashamba ya miwa ya Lugazi na Kakira. West Nile ikawa ghala la vibarua na askari. Baadaye, katika miaka ya 1950, ililetwa kodi iliyopangwa kwa madaraja ya uwezo wa mtu, ikadumu hadi ilipofutwa mwaka 2005. Wazee wanaikumbuka vizuri. Mwanaume asiye na tiketi alijua vichochoro vyote vya mtaa wake, kwa sababu barabara kuu ilikuwa na wakaguzi. Kabla hatujapewa kitambulisho cha taifa, tiketi ndiyo ilikuwa kitambulisho.

Ni katika hali hiyo wasomi walifika. Mwaka 1944 Uingereza iliunda Baraza la Utafiti wa Sayansi za Jamii katika Makoloni. Baraza hilo liligawa fedha kwa watafiti, wengi wao vijana, wachunguze mambo ambayo serikali za kikoloni zilitaka kuyaelewa: ardhi, uhamaji, ndoa, utawala wa machifu. Huko Makerere ikaanzishwa taasisi ya utafiti wa jamii ya Afrika Mashariki, na mmoja wa wakurugenzi wake wa mwanzo alikuwa Audrey Richards. Mwaka 1954 taasisi hiyo ilitoa kitabu kikubwa juu ya wahamiaji waliokwenda kufanya kazi Buganda. Aidan Southall wa Makerere aliwachunguza Waalur, akachapisha kitabu chake mwaka 1956. Na John Middleton, mwanafunzi wa Oxford, aliishi miongoni mwa Walugbara kati ya 1949 na 1952 kwa msaada wa fedha za baraza hilo. Mbali na vitabu vyake juu ya ukoo na dini, aliandika ripoti juu ya Walugbara wanaokwenda kusini kutafuta kazi.

Nataka kuwa mwadilifu hapa. Bila Middleton na Southall, maktaba zetu zingekuwa na mengi machache juu yetu. Majina ya koo, mipaka ya mashamba, maneno ya wazee waliozaliwa kabla ya Wazungu kufika, mengi yamehifadhiwa kwa sababu kijana mmoja alipewa fedha na muda wa kukaa na kusikiliza. Huo ni ushahidi mkubwa kwamba ufadhili wa utafiti hufanya kazi. Lakini tuangalie mgawanyo wa kazi. Swali juu ya vibarua lilikuwa swali la serikali: kwa nini wanakwenda, watakwenda wangapi, na nini kitatokea vijijini wakiondoka? Vijana wa hapa waliojua kusoma wangeweza kupata kazi ya ukarani au ukalimani. Walibeba swali kutoka kwa mgeni hadi kwa mzee, wakarudisha jibu kutoka kwa mzee hadi kwa mgeni. Swali la kibarua mwenyewe, kwa mfano kwa nini tiketi inanifuata mimi hadi Lugazi lakini barabara na shule hazinifuati nyumbani, halikuwa na baraza la kulifadhili.

Baada ya uhuru kazi hiyo ilipata vikwazo vingine. Chini ya Idi Amin, mtu wa upande wetu huu, Kiswahili kilitangazwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini chuo kikuu kiliishi kwa hofu na wasomi wengi walikimbia. Serikali yake ilipoanguka mwaka 1979 vita vilifika kwetu. Kuanzia 1980 watu wengi wa Arua na Koboko walivuka kwenda Zaire na Sudan, wakakaa ukimbizini miaka kadhaa. Kiswahili cha wengi wa wazazi wetu kina ladha ya Kongo kwa sababu hiyo. Na hati nyingi, za kodi, za ubatizo, za shule, zilibaki katika nyumba zilizochomwa. Msomaji akumbuke jambo hili, kwa maana linarudi tunapofika kwenye kompyuta.

Karne mpya ilileta sera za teknolojia kwa jina lake hasa. Mwaka 2004 lilianzishwa shirika la CIPESA, lenye makao Kampala, kutafiti sera za teknolojia ya habari katika Afrika Mashariki na Kusini. Mwaka 2006 Uganda ikapata wizara ya teknolojia ya habari. Mwaka 2009 Bunge likapitisha sheria ya kuunda NITA-U, mamlaka inayosimamia teknolojia ya habari serikalini. Mwaka 2012 ukaanza usajili wa laini za simu, 2014 ukaanza uandikishaji mkubwa wa vitambulisho vya taifa, na 2015 ikaja sheria ya usajili wa watu. Mwaka 2018 ukaletwa ushuru wa shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Mwaka huo huo wakimbizi wote nchini walihakikiwa upya kwa alama za vidole na mboni za macho. Hesabu iliyokuwa takriban milioni 1.4 ikashuka hadi karibu milioni 1.1. Mwaka 2019 ikapatikana sheria ya kulinda taarifa za watu. Na Mei 2024 sensa ya taifa ilifanywa kwa vishikwambi kwa mara ya kwanza.

Katika orodha hii West Nile haikuwa pembeni. Makazi ya Bidi Bidi yalifunguliwa Yumbe Agosti 2016 na katika miezi michache yakawa na watu zaidi ya 200,000. Rhino Camp na Imvepi ziko jirani yetu. Koboko inapakana na Kongo na Sudan Kusini kwa pamoja, na Wakakwa wana ndugu katika nchi zote tatu. Mashine ya alama za vidole inapouliza, "Wewe ni raia wa wapi?", huko Oraba mpakani swali si jepesi kama linavyoonekana Kampala. Katiba ya 1995 inamtambua kuwa raia wa kuzaliwa mtu aliyezaliwa Uganda ambaye mzazi au babu yake ni wa jamii zilizokuwa zikiishi ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Februari 1926. Kwa familia iliyokuwa chini ya serikali tatu, kisha ikakimbia na kurudi, kuthibitisha babu alilala upande gani wa mto mwaka 1926 ni kazi ya mwanahistoria. Lakini anayepewa kazi hiyo ni kijana mwenye kompyuta na foleni ndefu mbele yake.

Mwaka 2021 kituo kimoja cha haki za binadamu katika Chuo Kikuu cha New York, pamoja na mashirika mawili ya Uganda, ISER na Unwanted Witness, walitoa ripoti juu ya kitambulisho cha taifa. Walikadiria kwamba hadi theluthi moja ya watu wazima hawakuwa nacho, na walieleza jinsi wanawake wajawazito na wazee walivyokosa huduma na pesa za wazee kwa sababu ya kadi. Hii ndiyo kazi ambayo utafiti wa sera unaweza kufanya. Ripoti ile iligeuza malalamiko ya foleni kuwa hoja inayoweza kufikishwa mahakamani na bungeni.

Likizo ya 2024 nilifanya utafiti wangu mdogo Awindiri kwa ajili ya masomo yangu. Sikuwa na ufadhili. Nilikuwa na daftari, simu, na chakula cha mama. Asubuhi nilikuwa shambani, mchana na jioni nilizunguka sokoni na majumbani. Soko la Awindiri ni mahali pazuri kwa kazi hiyo, maana kabla hujamaliza kununua muhogo umeshasikia Kilugbara, Kinubi, Lingala, Kiarabu cha Juba na Kiswahili. Mada niliyokuwa nimepewa ilihusu faida za kitambulisho cha kidijitali kwa wananchi.

Mzee mmoja alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kijana wangu, hilo swali ni la nani?" Nikamwambia ni la masomo. Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na tiketi za kodi za zamani, zimekunjwa hadi zinakatika, na kadi yake ya taifa. Kadi ilisema alizaliwa tarehe 1 Januari 1948. Lakini yeye anakumbuka akichunga mbuzi siku vijana wa kijijini waliporudi kutoka vita vya Wazungu, yaani 1945. Hati yake ya ubatizo ilipotea mwaka 1980. Siku ya kuandikishwa, mwandikishaji alimtazama usoni na kukadiria.

Kosa hilo lina bei. Katika wilaya nyingi, serikali huwapa wazee wa miaka 80 na zaidi shilingi 25,000 kwa mwezi. Kwa kumbukumbu yake, mzee huyu alikuwa amepita miaka 80 kitambo. Kwa kadi yake, atafika mwaka 2028. "Nikifika," alisema, akacheka. Mimi sikucheka.

Mama mmoja mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini alinipa jambo jingine. Laini yake ya simu ilisajiliwa kwa jina la mtu mwingine, zamani kabla ya 2019, mwaka ambao wakimbizi waliruhusiwa kusajili laini kwa hati zao wenyewe. Mwenye jina alipohama, laini ilipopotea, hakuweza kuirudisha, na pesa zake za biashara zilikuwa ndani. Tangu siku hiyo anaziweka akiba kwenye kopo.

Baada ya wiki mbili za mazungumzo kama hayo nilimwandikia mwalimu wangu kuomba swali jipya, naye akakubali. Swali likawa hili: taarifa za mtu zikiwa si sahihi, nani anaweza kuzisahihisha, wapi, kwa ushahidi gani, na kwa nauli ya kiasi gani? Swali hili halikutoka kichwani mwangu peke yangu. Limetoka kwenye mfuko wa plastiki na kwenye kopo. Nilipoanza kuliuliza, watu waliita majirani. Wazee walikaa pamoja kulinganisha miaka yao kwa matukio: mwaka wa nzige, mwaka wa kukimbia, mwaka wa kurudi. Palipokuwa na kumbukumbu za watu watatu zinazokubaliana, mwaka wa kuzaliwa ulikaribia kujulikana. Ni njia ambayo wanahistoria wanaitumia kila siku, na sioni kwa nini isikubaliwe kama ushahidi mahali ambapo hati ziliungua.

Profesa Mahmood Mamdani, aliyekuwa mkuu wa taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere, alieleza mwaka 2011 tofauti kati ya ushauri wa kitaalamu na utafiti. Mshauri hutafuta jibu la tatizo lililokwisha kuelezwa na mteja. Mtafiti wa chuo kikuu hulitunga tatizo lenyewe. Nadhani tofauti hiyo ndiyo kipimo cha ufadhili wowote wa likizo. Ukimpa mwanafunzi fedha na swali lililokamilika, umeajiri karani. Ukimpa fedha, muda, na ruhusa ya kubadili swali baada ya kuwasikia watu, umemlea mtafiti.

Mtu anaweza kupinga kwamba mwenyeji ana upofu wake. Ni kweli. Watu wanaonijua hawaniambii yote, na wengine waliniambia zaidi ya ninavyopaswa kujua wakitumaini nitawasaidia. Mgeni anaweza kuuliza juu ya deni la mtu bila aibu. Mimi nitakutana naye msikitini au kanisani. Pia mwenyeji hana mamlaka ya mgeni: ripoti yenye jina la chuo cha New York inafunguliwa haraka kuliko daftari langu. Kwa hiyo sisemi wageni wasije. Nasema wasije peke yao, na wakija, mkalimani apewe nafasi kwenye meza ambapo swali linaandikwa.

Tunazo nyenzo za kuanzia. Chuo Kikuu cha Muni, kilichoanzishwa mwaka 2013 hapa Arua, kilianza na masomo ya teknolojia ya habari. Vijana wanaojua programu wapo, na wanaojua Kilugbara, Kikakwa na Kiswahili ni hao hao. Wengi wa rika letu walibeba vishikwambi vya sensa mlango hadi mlango, wakauliza maswali yaliyoandikwa na wengine. Ufadhili wa kwetu ungeweza kufanyika Desemba hadi Februari, kiangazi chetu cha kweli, jembe likiwa limepumzika. Ungeweza kudai kwamba kila mtafiti arudi kuwasomea watu alichoandika, kwa lugha yao, kabla hajakipeleka Kampala. Na haungehitaji dola 7,000.

Mzee wa mfuko wa plastiki aliniuliza swali la pili nilipokuwa nikiaga: "Ukishaandika, halafu?" Nimeandika kumbukumbu za majirani zake watatu, kila mmoja ametia dole gumba chini ya maneno yake. Karatasi hiyo ataipeleka mwenyewe ofisini mvua zikipungua. Mimi nitaandika jibu atakalopewa, kwa sababu hadi sasa jibu hilo halimo katika kitabu chochote.